Mtu Hapimwi kwa Herufi Nne: Nasaha kwa Vijana wa Babati

Wanangu na wajukuu zangu,

Nimelinyamazia jambo hili muda mrefu nikidhani ni mchezo wa simu tu, na michezo ya simu huja na kupita. Huu haukupita. Nausikia kijiweni kwa bodaboda, nausikia saluni, kwenye mazoezi ya kwaya na kwenye semina za wachumba, na sasa nauona hata katika barua za kuomba kazi mnazoniletea niwasahihishie. Zamani kijana mgeni akiingia Bagara au Maisaka aliulizwa ni wa kwa nani na anafanya shughuli gani. Leo mnaulizana, "Wewe ni aina gani?" Mmoja anajibu introvati, mwingine koleriki, wa tatu anakariri herufi nne za Kiingereza kwa uhakika zaidi kuliko anavyokariri namba yake ya NIDA. Akishajibu hivyo, mnaona mmeshamjua.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimejaza ripoti za tabia za watoto wa watu kwa miaka mingi, na siku hizi nakaa na wazee wenzangu kusuluhisha ugomvi wa majirani na wanandoa. Habari za tabia ndizo zilizonilisha. Hulka ipo, sikatai. Aliyelea watoto wawili wa tumbo moja anajua kwamba mmoja alizaliwa akilia na mwingine alizaliwa akitazama. Ninachowaonya ni kwamba lebo hizi zinadai kujua zaidi ya zinavyojua, na nyinyi mnazipa kazi zisizoziweza: kumchagua mke, kukwepa msiba, kufunika hasira, kumdharau mtu wa kabila lingine.

Tuanze na asili yake, maana wengi mnadhani zimetoka maabara.

Sangwini, koleriki, melankoli na flegmatiki ni maneno ya matabibu wa Kigiriki na Kirumi. Hippocrates na wafuasi wake walifundisha kwamba mwili una majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Galen, tabibu wa karne ya 2 huko Roma, aliyahusisha majimaji hayo na hulka za watu, na waliomfuata wakayapanga vizuri zaidi: aliyezidiwa na damu ni mchangamfu, mwenye nyongo ya manjano ni mkali, mwenye nyongo nyeusi ni mtu wa huzuni, mwenye kohozi ni mpole na mzito. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliiendeleza elimu hiyo katika kitabu chake kikubwa cha tiba, na mabaki yake yalifika mpaka pwani yetu, ambako waganga waligawa watu na vyakula katika joto na baridi. Kisha ikaja elimu ya vijidudu na chembe hai, na katika karne ya 19 tiba ya majimaji manne ikaachwa. Nenda leo hospitali ya Mrara uwaambie una nyongo nyeusi nyingi, uone kama kuna atakayekuandikia dawa.

Lakini majina yale yalipata uhai mpya. Mwaka 1966 mchungaji wa Marekani, Tim LaHaye, alitoa kitabu cha kuwafundisha Wakristo hulka hizo nne, na mafundisho ya namna hiyo yakaenea katika semina za vijana na za ndoa hadi huku kwetu. LaHaye aliandika ili kuonyesha kwamba udhaifu wa kila hulka unaweza kushindwa kwa nguvu ya Roho Mtakatifu. Nyinyi mmeichukua orodha ya udhaifu, sehemu ya kuushinda mkaiacha ukumbini.

Hizo herufi nne nazo zina historia yake. Mwaka 1921 daktari wa Uswisi, Carl Jung, alichapisha kitabu juu ya aina za watu, na ndiye aliyeyapa umaarufu maneno introvati, yaani mwenye kuelekea ndani ya nafsi yake, na ekstrovati, mwenye kuelekea nje. Hakuamini kwamba yupo mtu wa upande mmoja mtupu. Huko Marekani mama mmoja, Katharine Briggs, alikipenda kitabu hicho, na binti yake Isabel Briggs Myers akatunga maswali wakati wa Vita Kuu ya Pili ili kuwasaidia watu, hasa wanawake waliokuwa wakiingia kazini, kupata kazi zinazowafaa. Hakuna kati yao aliyekuwa mtaalamu wa saikolojia. Isabel alikuwa amesoma siasa na amewahi kuandika riwaya ya upelelezi. Nia yao ilikuwa njema. Kutokana na maswali hayo zilipatikana aina 16 za watu, kila moja na herufi zake nne, na hakuna hata moja mbaya. Hapo ndipo penye utamu wa mtihani huu: kila anayeufanya anafaulu.

Mjukuu wangu mmoja alinipa simu yake, kioo kimepasuka pembeni, akasema, "Babu, jibu haya maswali tujue wewe ni nani." Swali nililokutana nalo liliuliza kama napata nguvu nikiwa katikati ya watu. Nikamuuliza, "Watu gani?" Kwenye mnada naipenda vurugu ile ya bei, naweza kushinda juani nikibishana juu ya dume la mbuzi. Kwenye sherehe yenye spika kubwa naaga mapema nikalale. Msibani nakesha na sichoki. Akasema, "Babu, hakuna sehemu ya kuuliza, wewe bonyeza tu." Nikabonyeza katikati. Akacheka, akasema nakwepa.

Sikuwa nakwepa. Sehemu kubwa ya tabia ya mtu imo humo humo ambamo simu haina nafasi ya kuuliza: mbele ya nani, wapi, kwa sababu gani, na tumbo lilikuwa limejaa au tupu. Ukiyaondoa hayo, kinachobaki ni yale uliyojisemea mwenyewe siku hiyo. Mtihani unachukua majibu yako, unayapanga, unakurudishia yakiwa na jina la kigeni na picha ya rangi. Unasoma na kushtuka: "Jamani, wamenijuaje!" Wewe ndiye uliyewaambia.

Na hata wasingekuuliza kitu, bado ungeshtuka. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia huko Los Angeles, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo yake na kuwaomba wayape alama kutoka 0 hadi 5 kwa jinsi yalivyowalenga. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi yenye maneno yale yale, na mengi ya maneno hayo aliyatoa katika kitabu cha unajimu kilichouzwa mitaani. Watu wa rika langu tunaujua mchezo huo. Tulinunua magazeti kwa ajili ya ukurasa wa nyota, tukafuata utabiri wa marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, na kila mwenye nyota ya Nge alijiona yeye peke yake ndiye aliyeandikwa. Nyinyi mnatucheka kwa nyota. Wekeni basi ukurasa ule na maelezo ya herufi zenu kando kwa kando, muone ni sentensi ngapi zinaweza kuhama kutoka huku kwenda kule bila mtu kugundua: una marafiki wachache wa kweli, unapenda haki, wakati mwingine unajitilia shaka. Nani asiye hivyo?

Kuna kasoro nyingine, na hii ni ya hesabu. Ukiwapima watu kwa uchangamfu, wengi watajikusanya katikati. Wakimya kabisa na wasemaji kabisa ni wachache. Mtihani unapitisha mstari pale pale penye watu wengi. Aliyepata alama 49 anaitwa introvati, aliyepata 51 anaitwa ekstrovati, na huyo wa 51 anawekwa kundi moja na mwenye 95. Ni sawa na kusimama getini stendi ya mabasi, ukatangaza kwamba aliyevuka futi tano na nusu ni mrefu na waliobaki ni wafupi, kisha ukawakataza wasioane. Ndiyo maana watafiti waliowapa watu mtihani ule ule mara ya pili baada ya wiki chache waliwakuta wengi wamehama angalau herufi moja. Watu hao hawakubadilika kwa wiki chache. Walikuwa karibu na mstari, na siku hiyo waliamka vingine.

Wataalamu wengi wa saikolojia wameshaachana na mafungu. Hupima sifa tano kwa kiwango: uwazi wa fikra, uwajibikaji, uchangamfu, wema kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kila mtu anazo zote, tunatofautiana kwa kiasi tu. Na hata kipimo hicho kina mipaka yake. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima Watsimane wa Bolivia, watu wanaolima, kuwinda na kuvua, na sifa tano hazikujipanga kwao kama zinavyojipanga kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Basi kijana wa Singe au Nangara asiwe mwepesi wa kuamini kwamba maswali yaliyotungwa kwa ajili ya watu wa mbali yanamjua kuliko mama yake.

Mnaniambia, "Lakini, mzee, mtu habadiliki." Watafiti wa mapacha wanakadiria kwamba urithi unaeleza karibu nusu ya tofauti za hulka kati ya watu. Nusu si kidogo. Nusu ya pili ni malezi, marafiki, kazi, maradhi, na yale unayoyaamua kila siku. Uchunguzi uliowafuata watu kwa miaka mingi unaonyesha kwamba kwa wastani mtu akitoka ujanani kwenda utu uzima anakuwa mwajibikaji zaidi na wasiwasi wake unapungua. Wazee wanaojulikana mtaani kwa utulivu, waulizeni wenzao wa rika walivyokuwa enzi za ujana wao. Mtacheka mpaka machozi yawatoke.

Sasa nije kwenye matumizi, maana huko ndiko kwenye hasara.

Ukimya kwanza. Mmezoea kumwita kila mkimya introvati, na kila introvati mwenye aibu, na kila mwenye aibu mtu wa kujidai. Ukimya una sababu zake tofauti. Kuna anayenyamaza kwa sababu kelele zinamchosha. Kuna anayenyamaza kwa hofu, na angependa sana kusema kama angepata ujasiri. Huyo anahitaji kusaidiwa, na ukimwambia "ndivyo ulivyoumbwa" umemfungia mlango. Na kuna anayenyamaza kwa adabu. Katika nyumba nyingi za huku kwetu kijana hasemi mbele ya wazee mpaka aulizwe. Binti mmoja anaweza kuwa kama hayupo mbele ya baba mkwe wake, na saa hiyo hiyo jioni sauti yake ikasikika mpaka barabarani akiwa saluni na wenzake. Ni yule yule. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na walisema pia debe tupu haliachi kuvuma. Hawakusema tuwagawe watu kwa misemo hiyo.

La pili ni udhuru. Kijana mmoja wa mtaani kwetu hakuonekana kwenye msiba wa jirani aliyempakata alipokuwa mtoto. Alipoulizwa akasema yeye ni introvati, mikusanyiko inammaliza. Wanangu, msibani hakuna aliyekutaka uchangamke. Kuna sufuria la kuosha, kuna maji ya kuteka, kuna kuni za kupasua, kuna kaburi la kuchimba, na kazi zote hizo mtu anaweza kuzifanya bila kufungua mdomo. Mkimya ana nafasi kubwa msibani kuliko msemaji. Ukisema hulka yako imekuzuia kushika jembe, hiyo si hulka, ni uvivu uliovaa miwani.

La tatu ni ndoa, na hapa nitasema kwa ukali. Tumewahi kuletewa shauri la mume aliyekuwa akimfokea mkewe na kumpiga. Mke akaeleza kwamba kwenye semina waliambiwa mumewe ni koleriki, kwa hiyo ajifunze kumvumilia. Mume naye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa cheti cha daktari. Tulimwambia tuliyopaswa kumwambia. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, na hakikuacha nafasi ya hulka yoyote. Koleriki yule, tulipomhoji, hakuwahi kumfokea ofisa wa kodi, wala askari wa usalama barabarani, wala tajiri aliyemuuzia mbaazi zake. Hasira inayojua nani wa kumwogopa haitoki kwenye nyongo. Inachagua.

Na nyinyi mnaochumbiana, msiachane kwa sababu simu imesema herufi zenu hazipatani, wala msioane kwa sababu imesema zinapatana. Mtazame mwenzako siku pesa imekwisha. Mtazame anavyosema na mhudumu aliyekosea chenji, anavyomsema mchumba wake wa zamani, anavyolipa deni la mtu asiyeweza kumdai kwa nguvu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki haina herufi.

La nne ni kazi. Naona mnaandika aina yenu kwenye barua za maombi mkidhani mnamrahisishia mwajiri. Wenyewe waliorithi ule mtihani wa herufi nne wanasema wazi kwamba si uadilifu kuutumia kuchuja waombaji wa kazi. Na wapo vijana waliojizuia wenyewe kabla ya mwajiri: "Siwezi biashara, mimi si mtu wa watu." Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwao, bei hapa Babati iliporomoka, na mnakumbuka magunia yalivyolala ghalani. Anguko lile halikumbagua mkimya na msemaji. Nilimwona mfanyabiashara mmoja, mtu wa maneno machache sana, akifungua daftari lake mbele ya wakulima na kumwonyesha kila mmoja alichomdai na tarehe atakayomlipa. Hao wakulima walirudi kwake msimu uliofuata. Walirudi kwa sababu ya daftari.

La tano ni kabila, na hili nimeliacha nyuma kwa sababu ndilo baba wa mengine yote. Kabla ya simu, sisi tulikuwa na lebo zetu: Mchaga pesa, Mpare mbahili, Mhaya majivuno. Lakini lebo hizo tuliziwekea mahali pake, kwenye utani. Mnyamwezi na Mzaramo, Mhehe na Mngoni, Mchaga na Mpare, walitupiana maneno ambayo nje ya utani yangeleta ngumi, na mtani huyo huyo ndiye aliyekuja msibani kwako kukuchekesha na kukusaidia. Kila mtu alijua ni mzaha. Tatizo la lebo za siku hizi ni kwamba hakuna anayecheka. Mnazisema kwa uso mkavu kama matokeo ya maabara.

Na zinaposemwa kwa uso mkavu na mwenye mamlaka, huumiza. Daktari mmoja wa Kiingereza, J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika. Kilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alidai kwamba Mwafrika hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha andiko lake juu ya saikolojia ya Mau Mau, na humo vita ya watu walionyang'anywa ardhi ikaelezwa kama tatizo la akili zilizovurugwa na mabadiliko. Mkishawabandika watu aina, hamhitaji tena kusikiliza madai yao. Mkoloni aliliona hilo mapema.

Sisi wa Manyara hatuna ruhusa ya kulisahau. Mji wetu una Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe, Warangi, Wadatoga, Wamasai, Wachaga na wengine waliokuja kutafuta riziki. Nasikia bado mnasema Mbarbaig, yaani Mdatoga, ni mkali kwa asili na Mmbulu, yaani Mwiraqw, anaficha mambo moyoni kwa asili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti kutoka California walikuja Afrika Mashariki kulichunguza jambo hili hili. Walichukua makabila manne: Wahehe wa kwetu, Wakamba na Wapokot wa Kenya, na Wasebei wa Uganda. Katika kila kabila walitafuta kijiji cha wakulima na jamii ya wafugaji. Robert Edgerton aliandika matokeo katika kitabu kilichotoka mwaka 1971. Kwa ujumla wafugaji walionyesha hasira na mapenzi yao waziwazi zaidi, na wakulima waliuficha ugomvi na kuupitisha njia za pembeni. Tofauti hizo zilionekana hata ndani ya kabila moja, kati ya ndugu wanaosema lugha moja.

Sababu mnaweza kuiona kwa macho hapa hapa. Mfugaji akigombana na jirani, anaweza kuswaga ng'ombe wake na kuhamia malisho mengine, kwa hiyo anayo nafasi ya kusema lililo moyoni. Mkulima mahindi yake yamo ardhini na mpaka wa shamba ni ule ule mwaka hadi mwaka. Akitukanana na jirani leo, kesho watakutana kisimani. Anajifunza kumeza. Mnachokiita damu ya kabila, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya mikono na mahali pa kukaa. Mpe huyo mkali shamba la vitunguu na huyo mpole kundi la ng'ombe, kisha rudi kuwaangalia wajukuu zao.

Mtaniuliza, sasa tumjueje mtu? Nitawaeleza tulivyofanya sisi, pamoja na kasoro zake.

Mnamo Novemba 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba mwanafunzi asipimwe kwa mtihani peke yake; kazi na mwenendo wake navyo vihesabiwe. Sisi walimu tukawa tunajaza tabia kwenye ripoti, na mpaka leo sehemu hiyo ipo kwenye ripoti mnazopeleka nyumbani. Itazameni vizuri. Haisemi mtoto ni aina gani. Inataja kufanya kazi kwa bidii, ushirikiano, utii, usafi, uaminifu, heshima, kushiriki michezo, na mbele ya kila neno kuna alama yake. Mtoto mmoja aliweza kupata A ya ushirikiano na D ya usafi kwenye karatasi moja, na hakuna aliyeona ajabu. Muhula uliofuata karatasi ilikuwa tupu tena, nami nilitakiwa kumtazama upya kabla ya kuandika. Mwalimu mwenye chuki aliweza kumwonea mtoto, na wapo waliofanya hivyo. Lakini mzazi aliweza kuja shuleni kuuliza, "Mwanangu amekosa utii siku gani, kwa jambo gani?" na mwalimu akawajibika kutaja. Jaribuni kuiuliza simu swali hilo.

Hicho ndicho kipimo ninachowaachia. Sifa ya mtu iwe na tukio, iwe na siku, iwe na shahidi. Ukisema fulani ni mkarimu, taja alichotoa. Ukisema fulani ni mgomvi, taja aliyegombana naye na chanzo chake, na uwe tayari kusikia upande wa pili. Ukijisema wewe ni mvumilivu, tuambie ulivumilia nini. Na muhula ukiisha, futa ubao, mtazame tena, maana huenda yeye ameshahama na wewe umebaki na jina lake la zamani.

Sijawakataza kucheza. Fanyeni hiyo mitihani mkiwa mmekaa kando ya ziwa jioni, mcheke, mtaniane. Kijana mwenye haya anayepata humo neno la kueleza kwamba kelele zinamchosha, na alipate, limsaidie kusema. Ila likishaanza kumsemea, alitupe. Nyinyi mnaoendesha semina, makanisani, misikitini na kwenye kumbi za kitchen party, mnapogawa majina haya kwa wachumba, waambieni pia yametoka wapi na mwisho wake ni wapi. Na wazazi wenzangu, msimwite mtoto mzito au mkorofi mbele ya wageni. Lebo ya kwanza maishani mwake hatoipata kwenye simu, ataipata kwenu.

Basi, wanangu, akikuuliza mtu wewe ni aina gani, mwambie unafanya nini na unaishi na nani, umtajie na jirani mmoja anayeweza kuthibitisha. Kama huna jirani wa kumtaja, anza na huyo wa mlango wa pili, kesho asubuhi, kwa salamu.